Ratiba ya Cheche: Kuteua na Kufunga Distribyuta katika Magari ya Kale ya Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Msafiri atokaye Sagana akapanda Karatina hadi Nyeri, au atokaye Kiganjo akapitia Naro Moru hadi Nanyuki, hatakosa kukutana na magari ambayo umri wake umeuzidi ule wa madereva wake. Atakuta pikapu ya Peugeot 504 iliyosheheni magunia ya viazi. Atakuta Land Rover ya miaka ya 1960 ikitoka mashambani Timau. Atakuta Datsun 1200 na, mara mojamoja, Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe. Magari haya hayakubaki barabarani kwa kudra tu. Peugeot 404 ilitwaa ushindi katika mashindano ya East African Safari mwaka 1963, kisha ikautwaa mfululizo miaka ya 1966, 1967 na 1968. Dada yake 504 akafuata mwaka 1975. Kabla yao, Volkswagen ilikuwa imeshinda miaka ya 1954, 1957 na 1962. Ni magari yaliyojaribiwa katika matope na vumbi la nchi hizi, nayo yakafaulu.

Hata hivyo, chuma nacho huzeeka. Siku moja gari huanza kukohoa likipanda mlima, huwaka kwa shida asubuhi za baridi, hula petroli kupita kiasi. Mafundi husema "linamisi". Baada ya plagi kubadilishwa na kabureta kusafishwa bila nafuu, hukumu hutolewa: distribyuta imekufa, tafuta nyingine. Hapo ndipo gharama kubwa huanza, kwa kuwa wengi hutafuta distribyuta yoyote inayoingia katika tundu. Makala haya yanadhamiria kueleza namna ya kuteua kifaa hiki na namna ya kukifunga. Hoja yetu kuu ni kwamba anayenunua distribyuta hanunui kopo la chuma bali ananunua ratiba, na ratiba isiyokuwa ya injini yake itaiua injini hiyo polepole, bila kelele, hasa huku kwetu nyanda za juu ambako kosa hujificha.

Huenda msomaji akauliza: mada ya magari inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Jawabu letu ni kwamba lugha haikui katika kumbi za mihadhara pekee. Tumekuwa wepesi wa kujadili istilahi za isimu na za fasihi, lakini gereji za jua kali za Nyeri, Karatina na Nanyuki zimekuwa zikifundisha sayansi ya moto na umeme kwa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne, na ni machache mno yaliyoandikwa. Mafundi walioijua kazi ya platini kwa mkono na sikio sasa ni wazee. Wanafunzi wao huchomeka kompyuta ya uchunguzi chini ya usukani na kusoma hitilafu kwenye kioo. Gari la mwaka 1972 halina pa kuchomeka kompyuta hiyo. Yasipoandikwa sasa, maarifa haya yatazikwa na wenyewe.

Kuhusu istilahi tutakazotumia, tumeamua kufuata wenye kazi. Kifaa chenyewe tunakiita distribyuta. Zipo juhudi za kukipa jina la asili ya Kibantu, lakini hatujakutana na fundi ambaye angelielewa. Kile kijisehemu kinachofunga na kufungua umeme ndani yake huitwa pointi katika gereji nyingi za Kenya na platini katika gereji za Tanzania; sisi tumechagua platini kwa sababu neno pointi limebeba mizigo mingine mingi.

Kazi ya Distribyuta

Injini ya petroli hutaka cheche ndani ya kila silinda kwa wakati wake. Betri hutoa volti 12 tu, nguvu ambayo haiwezi kuruka hata nafasi ndogo ya plagi. Koili ndiyo inayoigeuza nguvu hiyo ikawa maelfu ya volti, ila hufanya hivyo kwa sharti moja: mkondo wa umeme unaopita ndani yake lazima ukatwe ghafla. Platini ndizo zinazoukata. Mhimili wa distribyuta unapozunguka, nundu zake huzisukuma platini zikaachana. Mkondo hukatika, koili huachilia nguvu yake, nayo rota iliyo juu ya mhimili huipokea na kuielekeza kwenye waya wa plagi inayostahili. Kondensa, kile kikopo kidogo cha pembeni, huzuia umeme usirukie baina ya platini zenyewe na kuziunguza.

Mhimili huu huzunguka mara moja kila krenkshafti inapozunguka mara mbili. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana nyuzi moja ya distribyuta ni sawa na nyuzi mbili za krenkshafti, na vitabu vya vipimo havikubaliani ni zipi vinazozitaja. Wapo waliotega injini vibaya kwa mwaka mzima kwa sababu ya tofauti hiyo. Tukichukua injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, distribyuta hugawa cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kila sekunde. Hitilafu ya upana wa unywele katika bushi zake si jambo dogo.

Ratiba Iliyofichwa Ndani

Laiti kazi ingekuwa kugawa tu, distribyuta yoyote ingetosha. Lakini mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote papo hapo. Huchukua muda, tuseme milisekunde mbili hivi. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, krenkshafti husogea nyuzi 12 katika muda huo. Ikizunguka mara 3,000, husogea nyuzi 36. Kwa hiyo, ili shinikizo la moto liikute pistoni mahali pake panapofaa, yaani mara tu inapoanza kuteremka, cheche sharti itangulie, nayo itangulie zaidi kadiri mwendo unavyoongezeka.

Distribyuta hufanya hesabu hii bila kujua kusoma. Chini ya sahani ya platini pana vyuma viwili vya uzito vilivyoshikwa na springi. Mwendo ukiongezeka, vyuma hivyo hutanuka kuelekea nje na kuzisogeza nundu mbele, ndipo cheche ikawahi. Ugumu wa springi, na umbali ambao vyuma vinaruhusiwa kwenda, ndivyo vinavyoamua cheche iwahi kiasi gani na kwa mwendo upi. Kando ya distribyuta nyingi pana pia kiwambo ndani ya kikopo cha bati, kilichounganishwa na kabureta kwa mpira mwembamba. Dereva akiendesha pole bila kukanyaga sana, ombwe la injini hukivuta kiwambo, nacho huiongezea cheche nyuzi kadhaa za kutangulia. Matokeo yake ni petroli inayodumu. Akikanyaga hadi chini ombwe hutoweka, kiwambo hurudi, na injini ikaepushwa na hatari.

Mpango huu wote ndio tunaouita ratiba ya cheche. Ratiba hiyo haionekani kwa nje. Distribyuta mbili zaweza kufanana kama shilingi kwa ya pili, zikaingia katika tundu moja na kuwasha gari moja, ilhali moja inatanguliza cheche nyuzi 20 na nyingine nyuzi 34. Ya kwanza itaifanya injini iwe nzito, ichemke, na ile petroli bila kurudisha nguvu. Ya pili ni mbaya zaidi. Moto utawaka kabla ya wakati na kuipiga pistoni ingali inapanda; mafundi husema injini "inagonga", nasi tunaufananisha mlio huo na kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Injini inayogonga kwa muda mrefu huvunja ringi zake, huunguza gasketi ya kichwa, na mwisho hutoboa pistoni.

Mwinuko Unavyoficha Kosa

Hapa tunafika kwenye kiini cha jambo hili kwa watu wa Mlima Kenya. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Nanyuki hukaribia mita 1,950. Katika mwinuko wa Nyeri, shinikizo la hewa ni takriban asilimia 81 ya lile la Mombasa. Kila pistoni inapovuta pumzi hupata hewa pungufu kwa karibu moja ya tano. Mchanganyiko usiobanwa sana huwaka taratibu zaidi, na hauna wepesi wa kugonga. Kwa sababu hiyo injini iliyoko Nyeri huvumilia cheche inayotangulia kuliko injini iliyoko pwani, na mara nyingi huifurahia. Isitoshe, kwa kuwa hewa ya nje yenyewe ni nyepesi, ombwe linalokifikia kiwambo hupungua pia, hata nyuzi ambazo kiwambo kingeongeza hazipatikani zote.

Sasa mtazame fundi anayetega taimingi kwa sikio. Huilegeza distribyuta, huizungusha pole hadi injini ikimbie vizuri kabisa, kisha huikaza. Njia hii si ya kudharauliwa; sikio la mzee aliyezoea ni chombo cha kupimia. Ila sikio hilo linapima injini iliyosimama, isiyo na mzigo, katika hewa nyepesi ya Nyeri. Gari lililotegwa hivyo litatembea Nyeri na Othaya kwa raha miezi mingi. Siku mwenyewe atakapolijaza mizigo na kuteremka hadi Sagana, kwenye mita 1,200 hivi, litaanza kugonga kwa mbali kila linapokutana na kilima. Akiendelea hadi Mombasa kwa harusi ya ndugu, huenda asirudi na injini ile ile. Atalaumu petroli ya pwani. Kosa, hata hivyo, alitoka nalo nyumbani.

Petroli nayo ina sehemu yake. Kenya iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Risasi ile ilikuwa sumu kwa watoto wetu, na kuondolewa kwake ni neema. Lakini ilikuwa pia inazuia kugonga, na vitabu vya magari ya miaka ya 1960 viliandikwa vikiitegemea. Kwa hiyo kipimo cha kitabu kichukuliwe kuwa mahali pa kuanzia, kisha barabara iulizwe.

Kabla ya Kununua

Tunashauri kwamba mwenye gari asikubali hukumu ya kifo kabla ya uchunguzi. Mengi yanayodhaniwa kuwa kifo cha distribyuta ni maradhi ya sehemu zake ndogo. Katika majira ya gathano, kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu wa milimani huingia ndani ya kifuniko na kugeuka matone. Umeme hupata njia ya mkato juu ya unyevu huo na kuchora mistari myeusi kama nyayo za sisimizi. Kifuniko cha namna hiyo kikifutwa huponya gari kwa siku moja tu. Dawa yake ni kukibadilisha. Kondensa mpya za bei rahisi hufa upesi. Rota nyingi za kuigiza zina ribiti ya chuma katikati ambayo hupitisha umeme hadi kwenye mhimili, na gari likazimika likipata moto na kuwaka likipoa, jambo linalowatatiza hata mafundi hodari.

Yaliyo maradhi ya distribyuta yenyewe hutambuliwa hivi. Shika ncha ya mhimili, baada ya kuondoa rota, uisukume huku na huku. Ikicheza kwa upande bila kuzunguka, bushi zimekwisha, na nafasi ya platini itakuwa ikibadilika kila mzunguko. Ukimulika alama ya puli kwa taa ya taimingi utaiona ikirukaruka badala ya kutulia. Izungushe rota kwa vidole kufuata mwelekeo wake kisha uiachie: inapaswa kurudi yenyewe. Isiporudi, springi imekatika au vyuma vimeganda kwa kutu. Chomoa mpira wa kiwambo kwenye kabureta, uunyonye kwa mdomo. Sahani ya platini isogee, na ukiziba mpira kwa ulimi ibaki hapo hapo. Ukipata pumzi tele bila upinzani, kiwambo kimepasuka.

Kuteua

Ikiwa uchunguzi umeonyesha kwamba kweli kifaa kimechakaa, mlango wa kwanza wa kubisha ni wa mkerezaji. Distribyuta iliyotoka kiwandani na gari lako ndiyo yenye ratiba ya injini yako. Bushi mbili za shaba zinaweza kukerezwa mjini Nyeri au Nanyuki kwenye mashine yoyote iliyo katika mikono ya mtu makini, na mhimili ukaketi upya kama siku ya kwanza. Sharti springi za zamani zihifadhiwe, tena kila moja mahali pake, kwani mara nyingi hazilingani: moja ni nyepesi na nyingine ni nzito kwa makusudi. Fundi anayezitupa na kuweka mbili zinazofanana ili "zikae sawa" amechana ratiba nzima. Kwa maoni yetu, njia hii huzipita zote nyingine, nayo ndiyo inayopuuzwa zaidi, labda kwa kuwa haina kisanduku kipya cha kumwonyesha mwenye gari.

Njia ya pili ni kununua iliyotumika, aghalabu katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, barabara ambayo kwa sadfa njema hubeba jina la mlima wetu. Huko jicho litafute nambari, lisitafute sura. Distribyuta za Lucas, zilizofungwa kwenye Land Rover na magari mengi ya Uingereza, zimepigwa mhuri ubavuni: jina la aina, kama vile 25D4, kisha nambari ya tarakimu tano inayotambulisha ratiba, kisha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Za Bosch huwa na nambari ndefu inayoanza na 0 231. Kwenye Peugeot utakuta za Ducellier au SEV Marchal, nazo zina alama zao. Nambari ikilingana na ile ya zamani, nunua. Isipolingana, uliza ilitoka katika injini ya ukubwa gani. Ya 504 yenye injini ya sentimita za ujazo 1,971 isidhaniwe kuwa ni sawa na ya 404 yenye 1,618 ati kwa sababu zote ni Peugeot.

Ya tatu ni mpya za kuigiza kutoka ng'ambo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: hizi hung'aa, bei yake huvutia, na kisanduku huorodhesha magari kumi yanayofaa. Orodha hiyo ndefu ndiyo dalili ya ugonjwa. Ratiba moja haiwezi kuwa ya injini kumi. Si kwamba hazifai kabisa. Gari lililozimika njiani litafika nyumbani nazo. Lakini anayefunga moja lazima apime kwa taa inatanguliza nyuzi ngapi kwa mwendo mkubwa, na atege kwa kuanzia huko juu badala ya kuanzia kwenye sailensi, yaani mwendo wa injini ikiwa imetulia.

Mfano maarufu wa ratiba isiyofaa ni Bosch 009, iliyofungwa kwenye Volkswagen nyingi duniani kama kibadala. Haina kiwambo cha ombwe. Hutegemea vyuma vya uzito pekee. Ikioanishwa na kabureta iliyoundwa kwa distribyuta yenye kiwambo, gari husita linapoondoka, kana kwamba limeulizwa swali gumu. Kwa mtu anayeishi Nyeri, ambako hakuna njia ya kutoka mjini isiyo na mlima, kusita huko si jambo la kupuuza.

Njia ya nne ni kuondoa platini na kuweka kitambuzi cha kielektroniki ndani ya distribyuta ile ile. Kitambuzi hakiliki, hakihitaji kupimwa kila mara, na cheche zake hazitetereki. Tunakipenda, kwa masharti. Hakiponyi bushi zilizochakaa wala springi zilizokatika, kwa kuwa ratiba inabaki kuwa ya vyuma. Hutaka koili yenye ukinzani unaolingana nacho. Tena Land Rover na magari mengine ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yaliunganisha upande chanya wa betri na bodi. Kitambuzi cha kawaida kikifungwa humo huungua mara ufunguo unapozungushwa. Mwisho, platini zikikuangusha katikati ya Mweiga na Nyahururu, kipande cha msasa kitakufikisha. Kitambuzi kikifa, kimekufa. Mwenye busara huweka sahani ya zamani na platini zake chini ya kiti.

Kufunga

Kazi ya kufunga huharibika kabla haijaanza, pale fundi anapochomoa kila kitu kwa pupa. Kwanza ondoa waya wa betri. Andika nambari kwenye kila waya wa plagi kwa utepe. Kisha itafute silinda ya kwanza, na hapa pana mtego mkubwa. Kwenye Datsun, Toyota na Land Rover silinda ya kwanza ni ile iliyo mbele, karibu na rejeta. Kwenye Peugeot ni kinyume: hesabu huanza upande wa flaiwili, nyuma karibu na dereva. Fundi aliyelelewa na magari ya Japani akiipanga 504 kwa mazoea yake, hesabu zake zote zitasimama juu ya silinda isiyokuwa ya kwanza. Mpangilio wa kuwaka wa magari haya ni 1-3-4-2. Ule wa Volkswagen ni 1-4-3-2.

Ondoa plagi ya silinda ya kwanza, ziba tundu kwa kidole gumba, na uzungushe injini kwa mkono. Shinikizo litakapokisukuma kidole, pistoni inapanda kubana. Endelea polepole hadi alama ya taimingi ilingane na nyuzi zinazotajwa na kitabu. Fungua kifuniko utazame rota imeelekea wapi. Chora mstari kwenye ukingo wa distribyuta mahali hapo, na mwingine unaovuka kutoka shingo yake hadi kwenye bodi ya injini. Ndipo ulegeze kibano uichomoe. Kuanzia hapo mtu yeyote asiguse ufunguo wala kuisukuma gari.

Tazama ncha ya chini ya distribyuta. Nyingi, zikiwamo za Lucas na za Volkswagen, zina ulimi uliowekwa kando kidogo ya katikati, hivyo huingia kwa namna moja tu. Nyingine, kama za injini za Toyota za familia ya K, zina gia yenye meno ya mshazari. Gia hiyo huizungusha rota kidogo inaposhuka, kwa hiyo anza ukiwa nyuma ya alama ili ikiketi iwe juu ya alama. Isipoketi hadi chini usiigonge kwa nyundo: huenda ni pampu ya oili ambayo haijashikana na ncha, na injini isiyopata oili haitakupa nafasi ya pili. Weka oringi mpya, pamoja na tone la oili chini ya rota na grisi kidogo sana kwenye nundu.

Pima nafasi ya platini kabla ya taimingi, kamwe si baada yake, kwa sababu kila unaposogeza platini unasogeza na taimingi. Kwa Lucas ya Land Rover nafasi ni milimita 0.35 hadi 0.40, kwa nyingine fuata kitabu. Kisha chukua balbu ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Unganisha mmoja kwenye kichwa cha koili kinachokwenda kwenye platini, na mwingine kwenye bodi. Washa ufunguo bila kuwasha injini. Zungusha distribyuta pole kufuata mwelekeo wa rota hadi balbu izimike, kisha irudishe kinyume. Mara balbu inapowaka platini zimeachana, na hapo ndipo cheche hutokea. Kaza. Balbu hii ya bei ndogo imetega injini nyingi kwa usahihi kuliko masikio.

Gari likishawaka, chomoa mpira wa kiwambo, uzibe, na uhakikishe kwa taa ya taimingi. Ongeza mwendo utazame alama: iwahi kwa utaratibu, itulie inapofika kikomo, irudi unapoachilia. Iking'ang'ania mbele, vyuma vimekwama. Rudisha mpira.

Kilichobaki ni barabara. Usilijaribu gari kwa kulizungusha mjini likiwa tupu. Lipakie mzigo wake wa kawaida, uteremke hadi Sagana, ugeuze, na upande kurudi Karatina ukiwa kwenye gia ya juu kuliko inavyostahili, mguu ukikanyaga. Likigonga, simama, legeza kibano na uizungushe distribyuta kidogo sana, upana wa mstari wa kalamu, kufuata mwelekeo wa rota. Hapo cheche itachelewa. Rudia hadi mlio upotee. Mwenye safari ya pwani aongeze upana wa mstari mmoja tena kabla ya kuondoka, na aurudishe akifika nyumbani. Platini mpya nazo zipimwe upya baada ya kilomita 1,000 hivi, kwa kuwa kisigino chake hulika kwanza kinapoizoea nundu, nafasi ikapungua na cheche ikachelewa. Vipimo vitakavyopatikana, pamoja na nambari ya distribyuta na mwelekeo wa rota, viandikwe kwa rangi ndani ya boneti. Viandikwe kwa Kiswahili, maana fundi atakayeifungua boneti hiyo baada ya miaka kumi huenda akawa hajawahi kushika platini.